Kizuri Hakijiuzi Kikiwa Kimefichwa

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ilizaliwa sokoni, mahali ambapo mnunuzi alifika kwa miguu yake, akaushika mzigo kwa mikono yake na kuukagua kwa macho yake. Lakini leo yapo masoko ambayo mnunuzi hafiki kwa miguu. Huandika maneno matatu au manne katika simu yake, akangoja kitambo kifupi, kisha akachagua miongoni mwa majina machache yanayotokea mbele yake. Kwa mnunuzi huyo, bidhaa nzuri isiyokuwamo katika majina hayo ni sawa na bidhaa isiyokuwapo duniani.

Ukweli huo unawahusu wakulima wa Vidunda kama unavyowahusu wenye maduka wa Kariakoo. Kata ya Vidunda, wilayani Kilosa, iko milimani juu ya Kidodi, upande wa barabara itokayo Mikumi kwenda Ifakara. Mkulima wa huko hushusha mazao yake bondeni, na mara nyingi huko bondeni humkuta mlanguzi ambaye amekwisha kupanga bei. Ni kweli kwamba mawasiliano yamepiga hatua: treni ya umeme ilipoanza safari za kwenda Dodoma mwaka 2024, Kilosa nayo ilipata kituo chake. Hata hivyo, reli na barabara hupunguza umbali wa safari tu. Umbali uliopo kati ya mkulima na mnunuzi asiyemjua haupunguzwi na reli. Huo hupunguzwa na habari.

Uchukuliwe mfano wa kikundi cha wakulima ambacho kingeamua kufungua duka katika mtandao wa intaneti ili kuuza maharage moja kwa moja kwa wenye hoteli, shule na familia za mijini. Kufungua duka hilo si kazi ngumu tena. Kazi ni kuonekana. Mtambo wa utafutaji kama Google, ambao kampuni yake ilianzishwa Marekani mwaka 1998 na Larry Page na Sergey Brin, hufanya mambo matatu. Kwanza, programu zake huzunguka kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo. Pili, husoma yaliyomo na kuyawekea kumbukumbu, mfano wa mtunza maktaba anayeandika kadi za vitabu. Tatu, mtu anapouliza jambo, hupanga kurasa kwa kadiri zinavyojibu swali lake na zinavyostahili kuaminiwa. Nafasi zinazolipiwa ni za matangazo, nazo huwekewa alama. Nafasi nyingine haziuzwi, na hapo ndipo mnyonge anapopata mwanya.

Mwanya huo hufunguliwa kwanza kwa lugha. Duka linaloandika kwamba linatoa "huduma bora na za kipekee kwa wateja wote" halijasema neno hata moja ambalo mnunuzi angeliandika anapotafuta chakula. Mnunuzi huandika jina la zao, mahali litokako, kipimo na bei. Tena, watu hawatumii jina moja. Wengi wa Bara husema maharage, wengine husema maharagwe. Kinachoitwa ufuta hapa nchini huitwa simsim kwa baadhi ya majirani. Ukurasa unaotaja majina yote mawili kwa ufasaha, katika sentensi zenye maana, hupokea wageni kutoka pande zote mbili. Vilevile, neno "maharage" peke yake lina washindani wasiohesabika, lakini "maharage ya Vidunda, Kilosa, kwa gunia" lina washindani wachache mno. Mdogo hushinda kwa kuwa mahususi. Kichwa cha kila ukurasa kieleze hasa kilichomo, na kila picha iwe na maelezo yake, kwa maana mtambo husoma maneno kwa urahisi zaidi kuliko unavyoielewa picha. Je, nani kijijini ana ujuzi wa kazi hiyo ya maneno kuliko mwalimu?

Baada ya lugha huja ushahidi. Katika kupima uaminifu, mtambo huangalia pia ni nani wengine wanaoutaja ukurasa huo na kuuwekea kiungo. Kiungo kitokacho mahali panapoheshimika ni kama barua ya utambulisho. Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa inayo tovuti yake, kama zilivyo nazo halmashauri nyingine nchini. Orodha fupi ya vikundi vya wazalishaji, yenye viungo vya kwenda katika maduka yao, ingekuwa ushahidi wa thamani kubwa, na isingehitaji fungu jipya katika bajeti. Ingehitaji afisa mmoja aliye tayari kuiandika na kuirekebisha kila msimu. Kadhalika, kusajili mahali pa biashara katika ramani ya Google hakulipiwi, na kazi ya anwani za makazi iliyofanyika nchini mwaka 2022 imerahisisha kumwelekeza mgeni.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni usumbufu, kwa kuwa biashara ya siku hizi iko WhatsApp na Instagram. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Kundi la WhatsApp huwahudumia waliokwisha kumjua muuzaji, lakini mtambo wa utafutaji hauyaoni yanayosemwa humo. Mgeni aliyeko Mwanza au Muscat hawezi kubisha mlango asioujua. Zaidi ya hayo, anayejenga katika kiwanja cha mwingine hana budi kukumbuka kwamba kiwanja si chake. Mwezi Novemba mwaka 2019 kampuni ya Jumia ilifunga biashara yake ya mtandaoni nchini Tanzania, na soko hilo likatoweka pamoja na kurasa zake. Mwenye tovuti yake mwenyewe, yenye jina linaloishia na .co.tz, anaweza kuitumia mitandao yote hiyo kama njia za kuwaleta watu nyumbani kwake.

Hapana budi pia kutoa onyo. Wamezuka wajanja wanaowaahidi wafanyabiashara nafasi ya kwanza kwa wiki moja, kwa malipo. Google yenyewe inasema kwamba hakuna anayeweza kuihakikisha nafasi hiyo. Kurudia neno moja mara hamsini, kununua viungo au kubuni sifa za wateja wasiokuwapo ni hila ambazo mtambo hufundishwa kuzitambua, na duka linaweza kushushwa au kufutwa kabisa katika orodha. Kazi ya haki huchukua miezi. Ukurasa uwe mwepesi, ufunguke katika simu ya kawaida yenye mtandao dhaifu, na bei iliyoandikwa iwe ndiyo bei inayotozwa. Na mzigo uwepo! Duka linaloonekana na kila mtu huku ghala lake likiwa tupu hujitangazia aibu tu.

Inafaa watumishi wa umma na walimu waelewe kwamba pengo hili halitabaki wazi. Wakulima wa Vidunda wasipoliandika jina la Vidunda, atakuja mtu mwingine kuliandika. Mlanguzi aliyekuwa akiwasubiri bondeni anaweza kufungua tovuti yake, akajiita msambazaji wa mazao ya Vidunda, akapokea oda za mijini na kuendelea kupanga bei ile ile ya zamani. Mlima utakuwa maarufu, na mkulima atabaki bila jina. Kwa hiyo afisa biashara, afisa ushirika na mwalimu wa kata wanayo kazi ya kukaa na wazalishaji, kuandika kwa usahihi kile wanachokilima, na kuhakikisha kwamba anayekitafuta anamkuta aliyekilima.