MALEZI YA NYUMBANI: Kifaransa kinaingia pia kwa mikono na miguu



Mama mmoja wa kanisa letu hapa Bunia alikuja kwangu pamoja na kijana wake wa miaka 11. Kijana alikuwa amekataa kurudi ku masomo. Mwalimu alimwambia kwa Kifaransa afunge mlango, yeye akaleta kitabu. Darasa lote likacheka.

"Papa pasta, mi sijue Kifaransa. Afazali niende Mongbwalu kuosha mchanga."

Ninyi wazazi wa machimbo munaijua njia hiyo. Mtoto anaanza na beseni, na kitabu hakifunguliwi tena.

Sikumpa mahubiri. Nilisimama nikasema, "Lève-toi," naye akasimama. "Assieds-toi," tukaketi. "Ouvre la porte," nikaenda kufungua. Mara ya pili akafungua mwenyewe. "Prends le bidon," akashika bidoni. Kisha nikaketi kimya, nikatoa amri kwa mdomo tu, na yeye akafanya zote. Hakuwa ametamka hata neno moja. Mama yake, ambaye hakusoma, naye alikuwa anasimama na kuketi. Tulicheka wote watatu, lakini hakuna aliyechekwa.

Mafundisho haya si yangu. Mwalimu James Asher wa California, Marekani, aliyaandika mwaka 1969, na tena katika kitabu mwaka 1977. Aliangalia mtoto mchanga. Kabla hajasema, mama anamwambia "leta", "kuja", "acha", na mwili wake unajibu. Sikio linatangulia, ulimi unafuata. Lakini sisi mara nyingi tunaanza na ulimi: mtoto anarudilia maneno ya ubao kama kasuku, akikosa anaona haya. Woga ukiingia, lugha inatoka.

Walimu wa ekodimu, ninyi munajua jambo hili. Wimbo wenye kuinua mikono, watoto hawausahau. Someni Marko 5:41-42. Marko aliacha amri ya Yesu katika lugha ya nyumbani kwao, kisha akaeleza maana yake. Na yule binti alijibu kwa kusimama na kutembea.

Jaribuni nyumbani hivi:

1. Chagua amri tano tu kwa siku, za vitu vilivyo karibu: mlango, ndoo, jiwe, maji. Kama hujui Kifaransa, kaka au dada mkubwa aliyesoma aongoze.

2. Sema na ufanye pamoja nao. Kisha sema bila kufanya.

3. Badilisha utaratibu, wasije wakakariri mfuatano badala ya maana.

4. Usimlazimishe mtoto kusema. Siku akiwa tayari, yeye atoe amri na wewe papa utii.

5. Mtoto mwenye mguu mgonjwa aonyeshe kwa mkono.

Tangu mwaka 2019 masomo ya msingi ya Serikali ni bila malipo, na madarasa mengi yamejaa. Mwalimu peke yake hawezi kumfikia kila mmoja. Robo saa ya nyumbani ni msaada mkubwa.

Lakini tusidanganyane. Amri hazitoshi. "Amani", "deni" na "kesho" haziwezi kushikwa kama bidoni. Hizo zinahitaji hadithi, kusoma na mazungumzo. Tena tusimfundishe mtoto kudharau Kiswahili wala lugha ya bibi yake. Katiba ya 2006 inasema Kifaransa ni lugha rasmi, na Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Tunamwongezea mtoto mlango wa pili, hatufungi ule wa kwanza.

Yule kijana alirudi ku masomo siku ya Jumatatu. Je, atabaki? Machimbo yanamwita kila siku. Na sisi tumwite kila siku, tukiketi nyumbani na tukitembea njiani, kama Kumbukumbu la Torati 6:7 inavyotuagiza.

Mungu abariki nyumba zenu.