Brexit haikusaini mikataba ya pango!

Wiki imekuwa ndefu, bumu limechelewa kama kawaida yake, na leo sina habari za chumba chetu wala za foleni ya kafteria. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wenyewe ulianzia kwenye semina ya juzi ukaendelea mpaka hosteli, saa sita za usiku tunabishana kwenye ngazi. Kuna mshkaji wangu wa Uchumi, mtu wa takwimu, mtu ninayemheshimu sana isipokuwa pale anapokosea. Alisimama akatoa mfano wa Uingereza: kwamba migahawa ya Jamie Oliver, yule mpishi wa kwenye televisheni, iliuawa na Brexit. Kwamba siasa ikibadilika biashara ya chakula ndiyo ya kwanza kufa, kwa hiyo mwenye mgahawa akisema "ni siasa" tumwamini na tumpe pole. Darasa zima likaitikia. Mimi nikanyoosha mkono, muda ukaisha. Sasa hapa kwangu muda hauishi, kwa hiyo kaeni mkao wa kula.

Kwa wasioijua hadithi: Jamie Oliver alifungua Jamie's Italian ya kwanza mjini Oxford mwaka 2008. Tambi, chakula cha Kiitaliano kwa bei ya mtu wa kipato cha kati, jina la staa mlangoni. Ikashika kinoma. Haikupita miaka kumi akawa na matawi zaidi ya 40 Uingereza peke yake. Tarehe 23 Juni 2016 Waingereza wakapiga kura ya maoni, asilimia 52 wakasema wanatoka Umoja wa Ulaya. Januari 2017 kampuni ikatangaza kufunga matawi sita, na kwenye maelezo ya bosi wake Brexit ikatajwa: soko lilikuwa gumu tayari, na baada ya kura mashaka yamezidi. Mwaka 2018 ukaja uamuzi wa kufunga mengine 12. Mei 2019 kampuni ikawekwa mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi, matawi 22 kati ya 25 yakafungwa, na watu kama 1,000 wakapoteza kazi.

Mpaka hapo mimi na mshkaji hatuna tatizo. Tunagombana kwenye neno "kwa sababu".

Nisionekane mbishi wa kubisha tu. Kura ile ilikuwa na meno. Usiku ule pauni moja ilikuwa inanunua karibu dola 1.50, na kulipokucha ilikuwa imeshuka chini ya 1.35, kiwango ambacho hakikuonekana kwa zaidi ya miaka 30. Mbele ya euro nayo ikashuka. Sasa kama menyu yako ni ya Kiitaliano, mafuta ya zeituni, jibini, nyanya za kopo, nyama ya kukausha, vitu unavyonunua kwa euro, bili inapanda na wewe hujafanya kosa lolote. Halafu jikoni na mezani migahawa ya London ilikuwa imejaa vijana wa Italia, Poland, Hispania na Romania, ambao baada ya kura walianza kujiuliza kama bado wanatakiwa. Hilo nalikubali kwa mikono miwili.

Lakini angalieni tarehe, jamani. Nasomea ualimu wa historia, tarehe ndiyo panga langu. Januari 2017 Uingereza ilikuwa bado ndani ya Umoja wa Ulaya. Barua rasmi ya kuaga ilipelekwa tarehe 29 Machi 2017, na kutoka kwenyewe ni tarehe 31 Januari 2020. Yaani Jamie's Italian ilizaliwa, ikanenepa, ikaugua na ikazikwa, Uingereza ikiwa mwanachama muda wote huo. Mazishi yalitangulia Brexit yenyewe kwa miezi minane! Siku ile milango inafungwa, mpishi wa kutoka Poland alikuwa bado anaruhusiwa kuingia na kufanya kazi bila kibali chochote. Kilichokuwepo ni pauni iliyolegea na wasiwasi. Si haba, lakini si ile Brexit ya kwenye hotuba ya mshkaji.

Sasa rudini nyuma ya kura. Mwaka 2014, miaka miwili kabla, Jamie huyohuyo alikuwa ameshafunga migahawa mitatu ya Union Jacks, ile ya vyakula vya Kiingereza. Maduka yake ya Recipease nayo yalikuwa yamekwisha kufikia mwisho wa 2015. Hayo yaliuawa na nani? Na si yeye peke yake. Restaurant Group, kampuni kubwa yenye Frankie & Benny's, ilikuwa inawaonya wenye hisa wake kuhusu faida Aprili 2016. Aprili! Kura ni Juni. Mgonjwa ameanza kukohoa kabla mvua haijanyesha, wewe unailaumu mvua.

Hapa nawaletea kitu kutoka kwenye fani yangu. Mwanafunzi wa kidato cha nne ukimuuliza chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza, mvivu atakuandikia: kuuawa kwa Franz Ferdinand huko Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Basi, kaweka kalamu chini. Hajakosea, lakini humpi maksi zote, kwa sababu bila mashindano ya silaha, bila yale makundi ya ushirikiano, bila ugomvi wa makoloni, ile risasi ingebaki msiba wa familia moja na nchi mbili. Kuna sababu ya karibu na kuna sababu za mbali. Wenye migahawa wanapenda sana sababu ya karibu. Ya karibu ina tarehe inayojulikana, ina sura ya mwanasiasa, na haina saini yao.

Sababu za mbali ndizo zenye saini. Mojawapo ni mkataba wa pango. Uingereza mikataba mingi ya majengo ya biashara ilikuwa ya miaka mingi, na kodi inapitiwa kila baada ya miaka mitano kwa sharti la ajabu: inaweza kupanda au kubaki palepale, kushuka hapana. Ukiingia kwa kodi kubwa kwenye mtaa mzuri, umeingia. Wateja wakipungua, kodi haipungui. Sasa chukua mkataba wa namna hiyo, uzidishe kwa matawi 40, kwenye majengo makubwa yenye viti vingi ambavyo lazima vijae mchana na usiku. Nani aliamua yawe 40? Wapiga kura?

Nyingine ni mkopo. Baada ya msukosuko wa 2008 fedha za kukopa zilikuwa rahisi, na wawekezaji wakaipenda migahawa ya matawi: ukipata menyu moja inayouza, unaibandika mji hadi mji. Kila mtu akabandika. Prezzo ikabandika, Byron ikabandika, Carluccio's ikabandika, Jamie akabandika. Mji mdogo ukawa na migahawa mitano inayouza tambi na piza zilezile kwa bei ileile. Mwaka 2018 Prezzo ikatangaza kufunga matawi 94. Byron na Carluccio's nao mwaka huohuo wakawapigia magoti wadai wao ili wapunguze matawi. Wa Jamie's Italian nao walikuwa na madeni yaliyotajwa kufikia pauni milioni 71.5.

Hapa mshkaji alinirukia: "Si umeona! Wote wameanguka pamoja, kwa hiyo sababu ni moja, ni Brexit." Hoja nzuri, nakiri ilininyamazisha kwa muda wa kumeza mate. Jibu langu ni hili. Wote walioanguka walikuwa na sababu moja, sawa, lakini walifanana kwa mengi kuliko kura: mikopo ya aina moja, mikataba ya aina moja, menyu ya aina moja. Ukitaka kujua kama ni hali ya hewa au ni paa, mtazame jirani ambaye hakujenga kama wewe. Greggs wanauza maandazi ya nyama na mikate ya kushika mkononi. Walikuwa kwenye nchi hiyohiyo, wananunua unga kwa pauni hiyohiyo, wanalipa kima cha chini kilekile. Mauzo yao ya mwaka 2018 yalivuka pauni bilioni moja, na Januari 2019 wakaleta andazi la soseji lisilo na nyama, watu wakapanga foleni. Mvua ileile, mapaa mawili tofauti.

Na kile kima cha chini chenyewe? Ndiyo, Aprili 2016 serikali ilikipandisha hadi pauni 7.20 kwa saa kwa wenye miaka 25 na kuendelea. Ni siasa, sikatai. Ila kampuni ambayo hesabu zake zinakufa kwa sababu mwosha vyombo kaongezewa senti 50 kwa saa, hiyo ilikuwa inaishi kwa jasho la mwosha vyombo. Sina pole hapo.

Kuna watu watasema basi mimi siamini kabisa kwamba siasa inaweza kufunga mgahawa. Inaweza, tena mchana kweupe. McDonald's ilifungua Moscow tarehe 31 Januari 1990, Pushkin Square, maelfu wakapanga foleni. Miaka 32 baadaye walikuwa na migahawa kama 850 Urusi nzima na wafanyakazi 62,000. Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine, wakaifunga, na Mei wakatangaza wanauza na kuondoka. Juni mnunuzi akaifungua tena kwa jina jipya, mumohumo. Migahawa ilikuwa imejaa, chakula kinapendwa, kodi inalipwa. Ondoa vita, migahawa ile ingebaki. Hiyo ndiyo maana ya "siasa imetufunga".

Iceland nayo, Oktoba 2009, McDonald's ilifunga matawi yake yote, yote yenyewe ni matatu. Fedha ya nchi ilikuwa imeporomoka na malighafi zilikuwa zinaagizwa kutoka Ujerumani, gharama zikawa hazishikiki. Huo ni mtikisiko wa uchumi zaidi kuliko siasa, lakini ndio unaofanana na hoja ya pauni. Hapo mwenye mgahawa akilia nalia naye. Pauni ilishuka, ndiyo, lakini haikuporomoka hivyo. Ukimuuliza mshkaji wa Uchumi swali hili dogo, je, bila kura ile Jamie's Italian ingekuwa wazi leo, anaanza kusema "inategemea". Inategemea nini, kaka? Inategemea yale matawi 40.

Mnaniuliza kwa nini nimelishikia bango jambo la watu wa Ulaya mpaka nakosa usingizi. Likizo ndefu iliyopita nilibeba sahani kwenye mgahawa mmoja wa mjini, siutaji, una matawi matatu. Siku tulipoitwa kikao bosi alisema hali ya siasa imebadilika, vyuma vimekaza, wageni hawaji, tunafunga. Mshahara wa mwezi wa mwisho haukuwepo, nao ulichukuliwa na siasa. Mpishi wetu, mama mtu mzima tuliyemwita Mama Mkubwa, aliuliza swali moja kwa upole: "Baba, hilo tawi la tatu tulilofungua wakati friji la hapa bado linadaiwa, nalo lilifunguliwa na serikali?" Bosi akasema kikao kimefungwa. Ada ya muhula huu nimeichangisha kwa wajomba.

Ndiyo maana nikisikia darasa zima la wasomi linaitikia "ni siasa, tumpe pole" nakuwa mkali. Bosi akisema hivyo hajibu swali, analifunga. Huwezi kuidai siasa mshahara wako. Ukienda kuuliza, unaambiwa kaulize bungeni. Wale watu 1,000 wa Mei 2019, wengine waliopata habari kwa ghafla kabisa, Brexit waliyoambiwa haikuwa na ofisi ya kwenda kugonga.

Nimtendee haki Jamie kidogo. Yeye mwenyewe alitia mamilioni ya fedha zake kujaribu kuiokoa kampuni, na alipohojiwa baadaye hakuitaja Brexit peke yake. Aliorodhesha pango, kodi za majengo, mitaa ya maduka kufifia, bei ya vyakula, kima cha chini, na Brexit ikiwa katikati ya msururu. Afadhali huyo. Ila hata kwenye orodha ile, soma tena: kila kitu kilikuja kutoka nje. Hakuna mstari unaosema "tulifungua mengi mno, haraka mno".

Basi mshkaji, najua unasoma hapa, maana juzi ulicheka kabla sijakusimulia. Niletee kampuni moja ya migahawa ya Uingereza iliyokuwa na madeni madogo, matawi ya kiasi na pango la kawaida, ambayo ilifungwa kati ya Juni 2016 na Januari 2020 kwa sababu ya kura peke yake. Moja tu. Chai na chapati mbili za kafteria juu yangu, bumu likitoka. Na ukija, njoo na tarehe.