Draivu za Flopi Zisipimwe kwa Kilo

MIZANI YA JUMA
Na Salim Mwinyihaji

Katika vichochoro vya Kariakoo ambamo mafundi hufumua kompyuta za mtumba ili kupata shaba na alumini, draivu ya flopi imekuwa kitu kisicho na bei yake mwenyewe: hutiwa guniani pamoja na feni na vibati, na gunia likapandishwa mizani ya vyuma chakavu, ilhali ndani yake mna chombo ambacho viwanda vimeacha kukitengeneza na ambacho mtu wa mji huu huu anakitafuta kwa dhiki.

Watafutaji hao si wengi, na sababu yake ni ya zamani. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Na mwaka 1974, baada ya hasara iliyopatikana katika kazi za kompyuta za wizara hiyo hiyo, Serikali ikapiga marufuku kuingizwa kwa mashine hizo, hata ikawa miaka ambayo watoto wa Ulaya na Japani wananunuliwa kompyuta za nyumbani, kwetu zilifika chache mno, na aghalabu katika mizigo ya wasafiri. Jamaa yangu mmoja wa Mtaa wa Swahili anayo moja, Sakhr, aliyoirithi kwa ami yake aliyefanya kazi Ghuba. Kompyuta hizo zilitolewa na kampuni ya Al Alamiah ya Kuwait kwa kufuata kanuni ya MSX, iliyotangazwa mwaka 1983, nazo zilitiwa herufi za Kiarabu tangu kiwandani, jambo lililokuwa neema kwa mzee aliyezoea kuandika kwa khati hizo. Katika disketi zake aliandika nasaba ya ukoo na hesabu za mirathi. Draivu yake sasa haisomi.

Mwenye haja kama hii akiingia dukani hupewa draivu ya kompyuta za ofisini, ya inchi 3.5 na pini 34, naye huichukua kwa furaha kwa kuwa umbo ni lile lile na waya bapa unaingia sawasawa. Walakini akiiwasha haijibu. Kompyuta nyingi za nyumbani huiita draivu yake ya kwanza kwa namba sifuri, ilhali draivu za ofisini karibu zote zimefungwa zijibu kwa namba moja. Tena baadhi ya kompyuta hizo hungoja katika pini ya 34 ishara ya kwamba draivu iko tayari, na draivu ya ofisini hupeleka hapo ishara ya kwamba disketi imebadilishwa. Fundi stadi mwenye chuma cha kulehemu huweza kuyarekebisha hayo, maadamu bodi ina nafasi ya jampa. Lakini muuzaji asiyeyajua humrudisha mnunuzi nyumbani akidhani kompyuta yake imekufa.

Nami nasema kabla ya kununua, ifunguliwe ile ya zamani. Tulipoifungua ya Sakhr tulikuta grisi ya parafujo inayosogeza kichwa cha kusomea imekuwa ngumu mithili ya nta, na juu ya kichwa chenyewe utando wa hudhurungi uliobanduka kwenye disketi. Pamba, spiriti safi na tone la grisi mpya ndiyo dawa ya kwanza. Draivu nyingine za miaka ile huzungushwa kwa mkanda wa mpira, na mpira ukishalegea hakuna usafi utakaozifaa mpaka mkanda mwingine upatikane.

Wengi hushauriwa wanunue Gotek, kisanduku kutoka Uchina kinachokaa mahali pa draivu na kuifanya kompyuta iamini kwamba flashi ni disketi. Ni kitu chema, rahisi, na kitaifanya mashine iamke. Ila hakina mlango wa kuingizia disketi! Ile nasaba ya ukoo itabaki ilipo, na utando wa sumaku wa disketi unazidi kuchakaa kila masika, ilhali Sony, iliyokuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa, ilikoma kuuza disketi za inchi 3.5 huko Japani Machi 2011. Kwa hiyo anayetaka maandishi anahitaji draivu ya kweli, japo kwa kazi ya siku moja.

Ndugu zangu wenye maduka, zitengeni draivu hizo na gunia, ziuzwe moja moja, na mnunuzi aruhusiwe kuzijaribu kwa disketi isiyo na thamani, maana kichwa kichafu huikwaruza disketi ya amana isirudi tena. Na enyi wenye disketi za MSX, jueni kwamba mpangilio wake wa mafaili ni ule ule wa DOS, hata draivu ya ofisini ndani ya kompyuta yake aghalabu huzisoma: nakilini kwanza, kisha mhangaike na mashine. Mwenye kompyuta ya Amiga hana nafuu hiyo, kwa kuwa disketi zake zimeandikwa kwa mtindo ambao kompyuta ya ofisini haiufahamu. Huyo na aihifadhi draivu yake ya asili hata ikiwa mbovu, na asimpe fundi anayetaka kuibadilisha kabla ya kuisafisha.