Mstahiki Anastahiki Nini?

Ndugu mwanafunzi,

Ipo desturi moja katika madarasa yetu hapa Musaga ambayo naikataa: ukiulizwa mhusika fulani ni nani, hutaja cheo chake, kisha huketi. Cheo si jibu; ni swali.

Katika Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, Majivuno ni Waziri, na Karama ni mshtakiwa tu. Kosa la Karama ni kufundisha sheria. Ni nani kati yao aliyeitumikia nchi? Katika tamthilia ya Timothy Arege, Mstahiki Meya, Sosi huitwa Mstahiki ilhali zahanati haina dawa na wafanyakazi wanagoma.

Utaniambia kwamba kuwaheshimu wakubwa ni adabu. Naam, lakini isikilize sarufi yenyewe. Mstahiki ni anayestahiki. Mheshimiwa ni anayeheshimiwa, na anayemheshimu ni wewe. Mwenye cheo hawezi kulitimiza neno hilo peke yake. Wazee wetu walilitambua: katika Kirundi, umushingantahe ameitwa hivyo kwa kuisimika intahe, fimbo ya haki. Jina lilitoka katika kazi.

Basi usiishie tena kuandika, "Majivuno ni Waziri." Andika alilolitenda kwa uwaziri wake. Anayejizoeza kuwahoji wakubwa wa kitabuni hatababaishwa kesho na wakubwa walio hai. Cheo ni dhamana, nawe ndiwe mwenye mali.