Safu ya Lugha na Sayansi: Minara Ikipokezana Simu, Nani Apewe Hataza?

Safari hii safu yetu inagusa jambo ambalo wanafunzi wa uhandisi hulisoma upande wao na wa sheria upande wao, na mara chache hukaa meza moja kulizungumza. Swali ni hili: njia ya kujua simu ilipo wakati minara inapopokezana mawasiliano yake, je, inaweza kupewa hataza?

Hataza ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi awazuie wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Yeye naye hutakiwa aeleze wazi jinsi uvumbuzi huo unavyofanya kazi, ili wote wajifunze. Hapa Marekani muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kuwasilisha maombi.

Tuanzie barabarani. Tuseme mtu ametoka Hilliard, ameingia I-270 kuelekea kusini, na simu iko hewani. Gari likienda maili 65 kwa saa, linakata karibu mita 29 kila sekunde. Muda wote huo simu inapima nguvu ya mawimbi ya minara jirani na kuupa taarifa mnara unaoihudumia. Mnara wa jirani ukizidi kwa kiwango kilichowekwa, na ukabaki juu kwa muda uliowekwa, mnara wa kwanza huukabidhi mazungumzo. Ni kama wakimbiaji wanaopokezana kijiti, kwa hiyo katika safu hii tutauita upokezanaji. Mpigaji simu hasikii kitu.

Lakini mtandao hauhitaji kubeba sauti tu. Wakati mwingine unahitaji kujua simu iko wapi, hasa mtu anapopiga 911. Na hapa sisi wa Kiswahili tuna msaada ambao wenzetu hawana, kwa sababu sarufi yetu inatenganisha mahali mara tatu: pa, ku na mu. Mwaka 1996 tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, iliziagiza kampuni za simu zitoe mahali pa mpigaji wa 911 kwa awamu mbili. Awamu ya kwanza ilitaka mnara uliopokea simu: huko, upande ule, eneo ambalo linaweza kuwa na upana wa maili kadhaa. Awamu ya pili ilitaka latitudo na longitudo: hapo, penyewe. Mwaka 2019 tume hiyo ikaongeza kipimo cha kimo, kisichokosea zaidi ya mita 3 juu au chini kwa asilimia 80 ya simu: humo, ndani ya jengo, ghorofa ile. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayelalamika kwamba ngeli ya mahali haina kazi, tumwambie kwamba FCC ilichukua zaidi ya miaka 20 kutoka ku hadi mu.

Sasa tuunganishe mambo haya mawili. Kupata "hapo" huchukua muda. Njia moja ni kupima mawimbi yanachukua muda gani kufika. Katika mtandao wa 4G, hatua moja ya marekebisho ya muda kati ya simu na mnara ni sawa na umbali wa karibu mita 78. Njia nyingine ni simu kulinganisha nyakati za kufika kwa mawimbi ya minara mitatu au zaidi, na nyingine ni setilaiti za GPS. Upokezanaji ukitokea katikati ya kazi hiyo, kipimo kilichochukuliwa kwa mnara wa kwanza hakiwezi kutumika kana kwamba ni cha mnara wa pili. Mnara wa kulinganishia umebadilika. Mtandao unaweza kuacha kazi na kutoa mahali pa mwisho palipojulikana, au kuanza upya. Ukianza upya kwa sekunde 10, gari letu la I-270 limeshasogea karibu mita 290.

Wasomaji wetu wa Louisville wanaielewa hali hii vizuri zaidi. Ukivuka mto Ohio kwa I-65, umetoka Kentucky na kuingia Indiana kwa muda mfupi sana. Mnara wa ng'ambo unaweza kuishika simu kabla mwenye simu hajavuka, na wa dharura upande ule wana magari yao na mipaka yao. Kwa mzee aliyetoka Kongo ambaye Kiingereza chake hakitoshi kueleza jina la daraja, namba ambazo mtandao unazituma kimyakimya ndizo zinazomsemea.

Basi mhandisi anayebuni namna ya kuendeleza upimaji bila kuupoteza katikati ya upokezanaji amefanya jambo la maana. Je, apewe hataza? Sheria ya Marekani humpitisha kwenye milango minne. Kifungu cha 101 huuliza kama jambo lenyewe ni la aina inayostahili hataza. Cha 102 huuliza kama ni jipya. Cha 103 huuliza kama lisingekuwa dhahiri kwa fundi wa kawaida wa fani hiyo. Cha 112 huuliza kama limeelezwa vya kutosha na kwa uwazi. Mabishano mengi ya miaka ya karibuni yako kwenye mlango wa kwanza, kwa sababu kujua mahali ni hesabu, na hesabu tupu haipewi hataza.

Kabla ya mabishano hayo, tumtazame aliyetangulia. Upokezanaji wenyewe uliwahi kuwa na hataza. Amos Joel wa Bell Labs alipewa hataza namba 3,663,762 mwezi Mei 1972 kwa mfumo wa mawasiliano ya simu zinazosafiri. Bell Labs ilikuwa na jamaa wa karibu hapa Columbus, kiwanda cha Western Electric cha East Broad Street, kilichotengeneza mitambo ya kuunganishia simu. Joel mwenyewe alikuwa bingwa wa mitambo hiyo. Hakuandika kwamba amevumbua mazungumzo yasiyokatika. Alieleza mitambo ya kuyahamisha kutoka seli moja hadi nyingine mwenye simu anaposafiri. Kwa sheria ya wakati ule hataza ilidumu miaka 17 tangu kutolewa, kwa hiyo ya Joel ilikwisha 1989. Mtandao wa kwanza wa biashara wa aina hiyo nchini ulikuwa umefunguliwa Chicago mwezi Oktoba 1983.

Tuje kwenye kesi. Mwaka 2010, katika shauri la SiRF dhidi ya tume ya biashara ya kimataifa ya Marekani, mahakama ya rufani inayosikiliza kesi za hataza ilipima madai ya kukokotoa mahali pa kipokezi cha GPS. Mlalamikiwa alisema hizo ni hesabu tu. Mahakama ikakataa: bila kipokezi, hesabu hizo hazina maana, kwa kuwa kinachotafutwa ni mahali pa kipokezi chenyewe na mawimbi yanayopimwa ni yale yanayokifikia.

Mwaka 2014 hali ikawa ngumu. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Alice dhidi ya CLS Bank, ilisema kwamba wazo tupu haligeuki uvumbuzi kwa kuongezewa kompyuta ya kawaida. Kwanza tazama kama dai linalenga wazo tupu. Kama ndiyo, tafuta ndani yake kitu cha ziada kinacholivusha.

Miaka miwili baadaye kampuni ya Affinity Labs ilishindwa na DirecTV. Hataza yake ilihusu kumpelekea mtu matangazo ya redio au televisheni ya eneo lake kupitia simu akiwa nje ya eneo hilo. Mahakama ilisema dai linataja matokeo bila kusema jinsi ya kuyafikia. Lakini mwaka 2020, katika kesi ya Uniloc dhidi ya LG, mahakama hiyohiyo iliokoa dai la mawasiliano yasiyo na waya. Hapo kifaa kikuu kiliongeza sehemu ya ziada ndani ya ujumbe ambao tayari kilikuwa kinautuma, na vifaa vidogo vikaacha kusubiri zamu kwa muda mrefu. Mtandao wenyewe ulifanya kazi vizuri zaidi, na dai lilisema kwa njia gani.

Ukiziweka kesi hizi pamoja, fundisho ni moja. Hataza haitolewi kwa kutamani matokeo, hutolewa kwa njia ya kuyafikia. Na hili linaonekana kwenye vitenzi. Hebu linganisha sentensi mbili nilizozitunga kwa mfano tu.

Ya kwanza: "Njia ambayo kwayo mahali pa simu panajulikana wakati simu inapohamishwa kutoka mnara mmoja hadi mwingine."

Ya pili: "Njia ambayo kwayo simu, ikipokea amri ya kuhama, inahifadhi vipimo ilivyochukua kwa mnara wa kwanza pamoja na saa ya kila kipimo, mnara wa kwanza unautumia mnara wa pili kitambulisho cha upimaji unaoendelea, na seva inaunganisha vipimo vya kabla na vya baada ya kuhama bila kuanza upya."

Ya kwanza ina panajulikana na inapohamishwa. Nani anajua? Nani anahamisha? Kwa kipimo gani? Kauli ya kutendwa imewaficha wote. Ya pili ina watenda kazi watatu, simu, mnara na seva, na kila mmoja ana kazi yake. Jaji hahukumu sarufi, bila shaka, na sentensi ya pili bado ingepaswa kupita milango ya upya na ya kutokuwa dhahiri, ambako huenda ikakwama. Lakini ya kwanza isingevuka hata kizingiti.

Kwa nini tujali? Kwa sababu mwenye kumiliki sentensi ya kwanza angemiliki matokeo yote. Mhandisi wa Buffalo akipata njia nyingine kabisa, bora na ya haraka zaidi, angekuta mlango umefungwa, na mpigaji wa 911 angebaki na njia ya zamani kwa miaka 20. Mwenye sentensi ya pili anamiliki njia yake tu. Anapata jasho lake, na wengine wanabaki na ruhusa ya kutafuta njia yao. Ukali wa mahakama kwenye mlango wa kwanza unawaudhi wavumbuzi wengi, lakini katika jambo linalogusa maisha ya watu naona uko upande sahihi.

Nimeitaja Buffalo kwa sababu nyingine pia. Ukisimama kando ya mto Niagara, simu yako inaweza kunasa mnara wa Ontario. Hataza ya Marekani inaishia katikati ya mto. Itakuwaje kazi ikifanyika nusu huku na nusu kule? Mahakama ilikutana na swali hilo mwaka 2005, katika kesi ya kampuni ya NTP dhidi ya watengenezaji wa BlackBerry, Research in Motion ya Waterloo, Ontario, ambao mtambo wao wa kupitishia ujumbe ulikuwa Kanada. Madai ya mfumo yaliweza kusimama, kwa kuwa mfumo mzima uliendeshwa na kufaidiwa na watumiaji walio Marekani. Madai ya njia hayakusimama, kwa kuwa kila hatua ya njia hutakiwa ifanyike ndani ya nchi. Mwezi Machi 2006 pande hizo zilipatana kwa dola milioni 612.5. Kwa hiyo mwandishi wa madai hujiuliza mapema: naandika mfumo, au njia, au vyote viwili? Na seva yangu iko upande gani wa mto?

Mpaka huohuo unawahusu wenye nia ya kurudi nyumbani na uvumbuzi wao. Hataza ya Marekani haina nguvu Nairobi wala Dar es Salaam. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2001, na Tanzania Bara ina ya mwaka 1987, zote zikikataa mbinu za biashara na nadharia tupu za hesabu. Maombi hupelekwa KIPI kwa Kenya na BRELA kwa Tanzania Bara, au kupitia ARIPO iliyoko Harare kwa nchi kadhaa kwa pamoja.

Neno la mwisho kwa wanachama walio maabara. Kuonyesha kazi yako kwenye bango la mkutano au kuiwasilisha kwenye kikao cha kuweka viwango vya mitandao ni kuitangaza hadharani. Marekani na Kenya zinakupa miezi 12 ya kuwasilisha maombi baada ya kutangaza. Ofisi ya hataza ya Ulaya kwa kawaida haikupi hata siku moja. Muone mlezi wako na ofisi ya uvumbuzi ya chuo kabla ya kubandika bango.

Zoezi la toleo lijalo: chukua kitu unachokitumia kila siku, cherehani, jiko la mkaa, programu ya simu, ukiandikie dai moja kwa Kiswahili. Kila kitenzi kiwe na mtenda, na asikose hata mmoja. Mhariri anayasubiri, na walimu wetu wameombwa wayasahihishe bila huruma.