Masaji Si ya Wenye Pesa Tu

Ukitaja masaji hapa Kisii, watu wanaanza kucheka. Mmoja anawaza mambo ya aibu, mwingine anasema hiyo ni anasa ya watu wa Nairobi. Haya, niambieni: mama anayechuma chai kule Kebirigo au Nyansiongo tangu asubuhi, kikapu mgongoni, yeye hana mgongo? Na yule anayebeba ndizi hadi soko la Daraja Mbili? Na kijana wa Tabaka anayechonga mawe kutwa shingo ikiwa imeinama? Hao ndio wangekuwa wa kwanza kwa foleni.

Masaji zenyewe hazifanani. Ile ya Kiswidi ni ya mafuta, mikono inateleza polepole, misuli inalegea, hata usingizi unakuja. Kama hujawahi, anzia hapo. Kuna ile ya kukanda misuli ya ndani kabisa. Hiyo inauma, tusidanganyane, na kesho yake mwili unaweza kuwa mzito, lakini shingo iliyokaza inapata nafuu. Ya Kitai huvui nguo wala hupakwi mafuta. Unalala kwa mkeka, unavutwa na kunyooshwa. UNESCO iliitambua kama urithi wa utamaduni mwaka 2019, kwa hivyo wenye kuleta story za aibu watulie.

Mtu akikwambia masaji inatoa sumu mwilini, huyo anataka pesa yako tu. Hiyo kazi ni ya ini na figo. Masaji inapunguza maumivu kwa muda na kutuliza akili, na hiyo inatosha. Tena si lazima ulipe. Maji moto, kitambaa, mafuta kidogo, na bwana akande mabega ya mkewe jioni. Wanaume wa Gusii, mikono si mnayo?

Lakini kuna mahali sitaki mzaha. Mguu mmoja ukivimba ghafla na uwe moto, usikandwe. Huenda damu imeganda, na ikisukumwa inaweza kufika kwa mapafu. Mfupa uliovunjika pia usikandwe, nenda hospitali upigwe picha. Na hii tabia ya kukandwa tumbo kwa nguvu ukiwa mjamzito, ati mtoto ageuke, mimi naipinga wazi, hata kama nyanya atanikasirikia. Kondo la nyuma linaweza kubanduka, mama avuje damu. Daktari akiamua kumgeuza mtoto, anafanyia hospitalini, mapigo ya moyo wa mtoto yakiangaliwa. Nyumbani mama akandwe miguu na mabega, polepole, akiwa amelala kwa ubavu.