Lenzi ya Kizamani Haikosi Kitu

Nani aliwadanganya eti bila lenzi mpya wewe si mpiga picha? Msee anachukua mkopo wa simu anunue lenzi ya fokasi otomatiki, halafu anapiga nayo chapati kwa sahani. Aki tulieni.

Helios 44-2, milimita 58, ni ya enzi za Muungano wa Sovieti. Adapta ya M42, chuma tu, inaishikisha kwa kamera za siku hizi zisizo na kioo ndani. Washa setingi ya kupiga bila lenzi, la sivyo kamera nyingi zinagoma. Fokasi unazungusha kwa mkono, kamera inapaka rangi penye pameshika. Sawa, harusi itakutoa jasho, bibi harusi hakungojei. Lakini shosho ameketi tu hapo mlangoni? Lenzi ya mkopo itakuongezea nini, kando na meseji za kudaiwa?